Tuache kuwapa farasi wagonjwa madini kwa kubahatisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wanaofuga farasi na punda. Mnyama akidhoofika, akianza kuchechemea kwa maumivu ya kwato, manyoya yakapauka au damu ikapungua, wengi wetu hukimbilia mkebe wa madini na kuumimina kwenye chakula. Baada ya wiki mbili unaongezwa mkebe wa pili, huu wa kwato, kisha wa tatu wa misuli. Nyasi anazokula hazijapimwa, wala hakuna aliyejumlisha kilichomo katika mikebe yote mitatu. Madini haya, kama chuma, shaba, zinki na seleniamu, huitwa madini madogo kwa kuwa yanahitajika kwa miligramu tu, na yanagombania njia ya kuingia mwilini, hivyo ukizidisha moja unaweza kumnyima mnyama jingine. Farasi mzima anaweza kuvumilia makosa hayo kwa miaka. Farasi mwenye ugonjwa wa insulini (homoni ya sukari iliyozidi katika damu), wa ini au wa figo hana nafasi hiyo.

Nianze na chuma, kwa sababu ndicho kinachotolewa kwa wingi bila haja. Viwango vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya mwaka 2007, ambavyo ndivyo vinavyotumiwa na wataalamu wengi wa lishe ya farasi, vinasema farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji takriban miligramu 400 za chuma kwa siku. Nyasi kavu za kawaida mara nyingi huwa na miligramu 100 hadi 300 katika kila kilo. Akila kilo nane tu ameshapata kati ya 800 na 2,400, na hapo hatujahesabu maji, wala udongo anaoulamba anapokula chini. Mwili wa farasi hauna njia ya maana ya kutoa chuma kilichozidi. Kinachofyonzwa hubaki, na ghala lake kubwa ni ini. Mwaka 2019 madaktari wa mifugo wa Uholanzi walichapisha taarifa ya farasi 21 na punda mmoja walioharibika maini kwa sababu ya chuma kilichojilimbikiza kwa muda mrefu, na maji ya kunywa yalikuwa miongoni mwa vyanzo vyake.

Kwa hiyo farasi mwenye upungufu wa damu asipewe chuma kabla sababu haijatafutwa. Karibu kila mara sababu ni nyingine: minyoo inayonyonya damu, vidonda vya tumbo vinavyovuja, homa za kupe, au uvimbe wa muda mrefu mahali fulani mwilini. Katika hali hii ya mwisho mwili huficha chuma makusudi ili vijidudu visikipate, hivyo kipimo cha chuma katika damu husoma chini ilhali ini limejaa. Anayesoma namba hiyo peke yake na kuongeza chuma anakuza tatizo. Ukitaka kujua akiba halisi, mwombe daktari apime feritini (protini inayohifadhi chuma) pamoja na kiwango cha kujaa kwa transferini (protini inayobeba chuma katika damu), siyo chuma pekee. Kwa watoto wachanga wa farasi hatari ni kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, watoto waliopewa dawa ya kulamba yenye chuma mara tu walipozaliwa, kabla ya kunyonya dang'a, walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, yaani kupima nyasi. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na bila hiyo mengine yote ni kubahatisha. Usichukue konzi moja juu ya robota moja. Chagua marobota 10 hadi 20 kutoka shehena ileile, toboa kila moja kwa bomba la kuchukulia sampuli kuelekea katikati, changanya yote kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha toa gramu 200 hadi 300 upeleke maabara. Kama huna bomba, fungua marobota, vuta nyasi za katikati, zikate kwa mkasi ziwe fupi na uzichanganye vizuri. Ukivuta mashina kwa mkono majani hukatika na kubaki nyuma, na majani ndiyo yenye madini mengi, kwa hiyo jibu litadanganya. Waambie maabara unataka madini yapimwe kwa njia ya kuyeyusha sampuli kwa asidi. Kipimo cha haraka cha mwanga wa infraredi kinafaa kwa protini na nyuzi, lakini hakifai kwa shaba, zinki wala seleniamu. Seleniamu mara nyingi huagizwa peke yake. Itaje kwenye fomu.

Jibu likija, angalia chuma kwanza. Kikivuka miligramu 500 kwa kilo, huenda sampuli ilikuwa na udongo. Maabara nyingine hupima pia alumini, na ikipanda sambamba na chuma, basi ni udongo. Hilo halikuondolei wasiwasi, maana farasi naye anaula udongo huohuo.

Tuchukue mfano wa farasi wa kilo 500, mnene, mwenye insulini ya juu na kwato zilizoshaugua laminaitisi, yaani uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato. Amepangiwa asilimia 1.5 ya uzito wake kwa mada kavu (chakula bila maji yake), yaani kilo 7.5, ambazo kwenye mizani ni kama kilo 8.3 za nyasi zenye asilimia 10 ya maji. Tuseme maabara imekuta katika kila kilo ya mada kavu miligramu 6 za shaba, 20 za zinki, 70 za manganizi, 180 za chuma na 0.05 za seleniamu. Namba hizi ni za kawaida kabisa. Ukizidisha kwa 7.5 unapata shaba 45, zinki 150, manganizi 525, chuma 1,350 na seleniamu karibu 0.4. Mahitaji yake kwa siku ni shaba 100, zinki 400, manganizi 400, chuma 400 na seleniamu 1. Manganizi yanatosha, na chuma kimezidi mara tatu. Kinachopungua ni shaba miligramu 55, zinki 250 na seleniamu 0.6.

Wengi wanaoshughulika na farasi wa namna hii hawaishii kwenye kujaza pengo. Hutazama pia uwiano, na lengo lao ni chuma kisizidi mara kumi ya shaba, na zinki iwe kama mara tatu ya shaba. Katika mfano wetu chuma ni mara 30 ya shaba. Ili kufikia mara kumi, shaba yote ya siku iwe 135, kwa hiyo tunaongeza 90. Zinki iwe 405, tunaongeza 255. Uwiano huu ni utaratibu uliotokana na kazi za watu wa lishe, haujathibitishwa kwa majaribio makubwa, na ninausema hivyo waziwazi. Kinachojulikana ni kwamba poni (farasi wa kimo kifupi) waliolishwa chuma kingi walipungukiwa na zinki katika damu na ini. Ninaupendelea kwa sababu kiasi kinachoongezwa kiko mbali sana na hatari: kikomo cha shaba ambacho farasi anavumilia kimewekwa kwenye miligramu 250 kwa kilo ya mlo, na sisi hapa tuko chini ya 20.

Kosa kubwa hutokea pale miligramu za madini zinapochanganywa na miligramu za unga. Salfeti ya shaba, ile ya chembe za buluu, ina shaba asilimia 25 tu. Ili kupata shaba miligramu 90 unahitaji unga miligramu 360. Salfeti ya zinki yenye maji machache ina zinki asilimia 35 hivi, na miligramu 255 zinatoka kwenye gramu 0.72 ya unga. Lakini ipo salfeti ya zinki nyingine, yenye maji mengi, ambayo ina asilimia 22 au 23. Ukinunua hiyo na kupima kwa hesabu ya kwanza, farasi anapata theluthi pungufu, na miezi sita baadaye unasema zinki haisaidii. Soma asilimia kwenye mfuko kila unaponunua. Oksaidi ya shaba achana nayo, karibu yote hupita na kinyesi. Oksaidi ya zinki inaweza kutumika. Madini yaliyofungwa na protini hufyonzwa vizuri na hayana ukali mdomoni, ila asilimia yake ni ndogo, mara nyingi 10 hadi 15, na majaribio kwa farasi hayakubaliani kwamba siku zote yanashinda salfeti. Kama mlo umepangwa vizuri, salfeti inatosha.

Kupima gramu 0.36 kila siku kwa mizani ya jikoni haiwezekani. Tengeneza mchanganyiko wa mwezi. Kwa siku 30 unahitaji gramu 10.8 za salfeti ya shaba na gramu 21.6 za salfeti ya zinki, zikipimwa kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Saga chembe za buluu ziwe unga laini. Ongeza unga wa lusini (alfalfa) iliyokaushwa na kusagwa hadi jumla ifike gramu 900, na kila siku farasi apate gramu 30. Usimwage vyote kwenye ndoo na kutikisa, maana chumvi hizi za shaba na zinki ni nzito na zitazama chini, kisha siku za mwisho za mwezi farasi atakula dozi ya wiki nzima. Anza na zile gramu 32 za chumvi, changanya na kiasi kilekile cha unga wa lusini. Mchanganyiko huo uongezee unga mwingine wa kiasi chake, na uendelee hivyo, kila mara ukizidisha mara mbili, hadi uishe. Vaa glavu na funika pua, kwa kuwa salfeti ya shaba huunguza macho na mapafu. Hifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, mahali pakavu. Na iwe ya daraja la chakula cha mifugo. Ile inayouzwa kwa kunyunyizia mimea inaweza kubeba risasi, arseniki na kadmiamu.

Usiweke vitamini E wala mbegu za kitani zilizosagwa ndani ya mchanganyiko huu wa mwezi. Shaba huharakisha kuoza kwa mafuta na huiua vitamini E ikikaa nayo. Viongeze vyote viwili wakati wa kulisha. Farasi anayeishi kwa nyasi kavu tu karibu hapati vitamini E, kwa sababu hupotea nyasi zinapokauka na kukaa ghalani. Kiwango cha kawaida ni yuniti za kimataifa 1 hadi 2 kwa kilo ya uzito wa mnyama kila siku, hivyo farasi wetu apewe kati ya 500 na 1,000, na mwenye ugonjwa wa misuli au wa neva daktari huongeza. Ya asili hufyonzwa vizuri kuliko ya kutengenezwa, na inahitaji mafuta kidogo, vijiko viwili vya chakula vinatosha.

Farasi wengi hukataa shaba na zinki siku ya kwanza. Anza na robo ya dozi, panda taratibu kwa siku saba hadi kumi. Changanya ndani ya makapi ya kiazi sukari yasiyo na molasi, yaliyolowekwa na kusuuzwa. Tafadhali usifiche uchungu kwa molasi, wala kwa tufaha, karoti au nafaka. Kwa farasi mwenye insulini ya juu utakuwa umeponya kidole na kuvunja mguu.

Kuhusu laminaitisi yenyewe niseme kwa uwazi: hakuna madini yanayoitibu. Kinachoshusha insulini ni kupunguza sukari na wanga katika mlo, nyasi zenye jumla ya sukari na wanga chini ya asilimia 10 ya mada kavu, kupunguza unene, na dawa kama daktari amekuta ugonjwa wa Cushing (hitilafu ya tezi iliyo chini ya ubongo). Madini huja kusaidia kwato mpya itakayoota iwe imara. Kromiamu na magnesiamu vinatangazwa sana kwa farasi hawa, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2011 kwa farasi wanene waliowahi kuugua laminaitisi halikuona mabadiliko yoyote katika insulini. Uchunguzi mwingine umekuta farasi wenye insulini ya juu mara nyingi wana pia akiba kubwa ya chuma. Kipi kinaanza hakijathibitishwa. Kwangu hiyo inatosha kutowaongezea chuma hata chembe.

Wengi huloweka nyasi ili kupunguza sukari, nusu saa kwa maji moto au saa moja kwa maji baridi, kisha maji yanamwagwa mbali na mnyama. Ni njia nzuri. Ila maji hayo huondoka pia na potasiamu, fosforasi, magnesiamu, sodiamu na sehemu ya shaba, na chuma kingi hubaki. Kwa hiyo uwiano unakuwa mbaya zaidi kuliko karatasi ya maabara inavyoonyesha. Kama unaloweka kila siku, peleka maabara sampuli iliyolowekwa kisha ikakaushwa. Na usiache nyasi ndani ya maji usiku kucha penye joto, zinachacha na kuota bakteria. Jambo jingine la kukumbuka unapopunguza chakula: punda na poni wanene wakinyimwa chakula ghafla, mafuta humwagika kwenye damu na wanaweza kufa kwa hilo kabla ya laminaitisi. Wapunguziwe kidogo kidogo, kamwe wasifungishwe njaa.

Seleniamu ndiyo inayonifanya niandike barua hii kwa msisitizo. Ikipungua, watoto wa farasi huzaliwa dhaifu, misuli yao inapauka na moyo unashindwa. Ikizidi, singa za shingoni na mkiani hukatika, kwato hupasuka kwa mviringo pale zinapoanzia chini ya ngozi, na katika hali mbaya ukwato mzima hung'oka. Ikizidi sana kwa mara moja, mnyama hufa kwa saa chache. Aprili 2009, huko Wellington, Florida, farasi 21 wa polo walikufa baada ya kudungwa mchanganyiko wa vitamini na madini ambao seleniamu yake ilikosewa wakati wa kuutengeneza. Kama watu wa fani ya dawa walikosea namba moja, mfugaji asijaribu kupima seleniamu nyumbani. Zile miligramu 0.6 zinazopungua katika mfano wetu zinatoka kwenye miligramu 1.3 tu za selenaiti ya sodiamu, kiasi ambacho mizani yako haikioni. Nunua iliyokwisha kupunguzwa makali kiwandani, ikiwa na maelezo ya kiasi kwa gramu.

Kisha jumlisha seleniamu ya mikebe yote. Ukisoma miligramu 10 kwa kilo kwenye mkebe wa kwanza na dozi ni gramu 100, hiyo ni miligramu 1. Unga wa misuli wenye miligramu 40 kwa kilo, dozi gramu 50, ni miligramu 2. Unga wa kwato unaongeza 1 nyingine. Jumla ni 4, na nyasi zina 0.4. Wataalamu wengi hawapendi kuvuka 3 kwa siku kwa farasi wa kilo 500. Nyasi zikitoka kwenye udongo wenye seleniamu nyingi, tuseme miligramu 0.5 kwa kilo, nyasi peke yake zinaleta 3.75, na hapo hakuna mkebe hata mmoja unaohitajika. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu kiasi cha seleniamu bila kipimo cha nyasi au cha damu. Kipimo cha damu nzima kinaonyesha hali ya wiki na miezi iliyopita, kile cha seramu (maji ya damu) kinaonyesha siku za karibuni. Ukianza kumpa leo, usipime damu nzima baada ya wiki moja ukatarajia mabadiliko. Subiri miezi miwili au mitatu. Sindano za seleniamu na vitamini E zimewahi kusababisha mshtuko wa mzio, zibaki mikononi mwa daktari.

Farasi anayekaza misuli baada ya kazi mara nyingi hupewa seleniamu kila anapokaza. Wapo wanaokaza kwa sababu misuli yao ina kasoro ya kurithi ya kuhifadhi sukari. Hao wanahitaji mlo wenye wanga kidogo na mazoezi ya kila siku, na seleniamu ya ziada haigusi kasoro hiyo. Pima kwanza.

Madini joto, yaani iodini, yana tabia ya pekee: yakipungua rovu huota, na yakizidi rovu huota vilevile. Farasi jike waliolishwa mwani wa baharini wakapata takriban miligramu 50 za iodini kwa siku au zaidi walizaa watoto wenye rovu na miguu dhaifu, ingawa wao wenyewe walionekana wazima. Mahitaji ya siku ni 3.5. Mwani mkavu hutofautiana mno kati ya shehena na shehena, hivyo usiutumie kama kiasi chake cha iodini hakijaandikwa.

Kobalti haina sababu ya kuongezwa kabisa. Bakteria wa utumbo mpana wanatengeneza vitamini B12 kwa kile kidogo kilichomo kwenye nyasi, na wanaoidunga kwa farasi wa mashindano wanamtia mnyama sumu.

Kwa farasi jike mwenye mimba, miezi mitatu au minne ya mwisho ndiyo ya kuangalia shaba, kwa sababu mtoto huzaliwa na akiba yake kwenye ini na maziwa ya mama yana shaba kidogo sana. Kumwongezea mama baada ya kuzaa hakuongezi shaba katika maziwa kwa kiasi cha kumsaidia mtoto. Zinki nyingi kupita kiasi, kwa mfano malisho ya karibu na viwanda vya kuyeyusha madini au maji yaliyokaa kwenye mapipa ya mabati yanayolika, huzuia shaba na kuharibu viungo vya watoto wanaokua.

Farasi mwenye ugonjwa wa ini asipewe chuma, na shaba apangiwe na daktari kwa sababu hutolewa kwa njia ya nyongo. Mwenye ugonjwa wa figo apunguziwe lusini, maana damu yake hujaa kalisi (kalsiamu) kwa urahisi, na seleniamu iwe ya tahadhari kwa kuwa sehemu kubwa hutoka kwa mkojo.

Kuna hatari moja inayoua haraka kuliko zote nilizotaja. Madini na vyakula vya ng'ombe na kuku mara nyingine huwekwa monensini, dawa ya kuua vijidudu vya utumbo, au dawa za jamii yake. Kwa ng'ombe ni salama. Kwa farasi, miligramu 2 hadi 3 kwa kilo ya uzito wake zinatosha kuua, kwa kuharibu misuli ya moyo, na hakuna dawa ya kuizima. Anayenusurika anaweza kuanguka miezi baadaye akiwa kazini. Usimpe farasi madini ya ng'ombe hata kama orodha ya shaba na zinki inafanana. Kwa upande wa pili, madini ya farasi yasiachwe mahali kondoo wanafika, shaba hiyo huwaua.

Jiwe la kulamba halitoshi. Ulimi wa farasi ni laini, na wengi hawalambi hata nusu ya chumvi wanayohitaji. Mawe mekundu yenye madini mengi rangi yao hutokana na oksaidi ya chuma. Mpe chumvi nyeupe ya kawaida, gramu 25 kwa siku kwa farasi wa kilo 500 anayepumzika, mara mbili au tatu ya hapo kwenye joto na kazi, ikichanganywa kwenye chakula na maji yakiwepo muda wote. Kama mlo una pumba za ngano nyingi, ziondoe kabla ya kuanza kuhesabu shaba na zinki: fosforasi yake ni mara kumi ya kalisi, na hakuna madini madogo yatakayorekebisha mifupa inayokosa kalisi. Unga wa fosfeti ya kalisi nao mara nyingi hubeba maelfu ya miligramu za chuma kwa kilo kama uchafu, jambo ambalo lebo haitaji.

Vipimo vya damu vya shaba na zinki vinapotosha kwa urahisi. Shaba hupanda mnyama akiwa na uvimbe, zinki hushuka, na kizibo cha mpira cha chupa ya kawaida huchafua sampuli kwa zinki. Kama lazima zipimwe, daktari atumie chupa maalumu ya madini madogo. Vipimo vya nywele haviaminiki kwa kazi hii. Manyoya meusi yaliyogeuka kahawia kwa jua yanaweza kuashiria upungufu wa shaba, lakini pia yanaweza kuwa ni jua tu na jasho.

Matokeo yanachukua muda. Manyoya mapya utayaona yanapobadilika kwa msimu unaofuata. Ukwato huota milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo ncha ya mbele inahitaji miezi 9 hadi 12 kubadilika yote. Ishara ya mapema hutokea juu, chini tu ya ngozi: baada ya miezi miwili mitatu utaona ukanda mpya ulioshikana zaidi na ulionyooka kuliko ule wa chini. Usipouona, rudi kwenye insulini na ukataji wa kwato kabla ya kubadilisha madini. Na kila shehena mpya ya nyasi ni hesabu mpya.

Ombi langu kwa wanaotengeneza na kuuza madini haya ni kwamba lebo iseme miligramu kwa dozi ya siku moja, siyo asilimia au kiasi kwa kilo peke yake, na itaje chuma hata kama hawakukiongeza wao. Kwa madaktari wa mifugo, naomba mnapomkuta farasi mgonjwa mwulize mfugaji alete mikebe yote aliyonayo mezani, mjumlishe pamoja seleniamu na chuma kabla ya kuandika dawa.

Wako,
Mshauri wa lishe ya farasi